Heko kwa Mzee Baridi

Baridi ya Krismasi huhukumiwa kila mwaka bila kupewa nafasi ya kujitetea. Kaskazini mwa Marekani, kuanzia Maine hadi Minnesota, mashtaka ni yale yale: imegandisha mlango wa gari, imepasua bomba la maji, imemtelezesha bibi kwenye ngazi za kanisa, na mchungaji ameanza sala ya ufunguzi huku meno yakigongana. Yote hayo ni kweli. Lakini atafutwe mzee wa kanisa aliyehudumu miaka mingi bila posho wala kiti cha mbele, na hatapatikana wa kumfikia Mzee Baridi.

Wapuritani wa Massachusetts waliipiga marufuku Krismasi mwaka 1659. Aliyekutwa akiisherehekea, hata kwa kuacha kazi tu, alitozwa faini ya shilingi 5, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1681. Watu waliitoroka sikukuu, Baridi hakuitoroka. Alihudhuria kila Desemba, tena akakaa ndani kabisa ya nyumba za ibada, ambazo enzi hizo hazikuwashwa moto. Waumini walijitahidi na visanduku vya makaa vya kupashia miguu. Samuel Sewall wa Boston, aliyekuja kuwa jaji na ambaye mwenyewe hakuipenda Krismasi, aliandika katika shajara yake Januari 1686 kwamba mkate wa ushirika uliganda hadi ukawa unagonga sahani ulipomegwa. Ni Wakristo wangapi leo wanaoweza kusema wameusikia mkate huo kabla ya kuuonja?

Wafuasi wa Baridi walikuwa waaminifu kweli kweli. Inasimuliwa kwamba huko Litchfield, Connecticut, mwanzoni mwa karne ya 19, usharika uligawanyika kwa sababu ya jiko lililoletwa kanisani. Jumapili ya kwanza mama mmoja mpinzani wa jiko alizimia kwa joto. Baadaye ikagundulika kwamba jiko lenyewe halikuwa limewashwa.

Kwa familia, fadhila zake ni kubwa zaidi. Krismasi ya Moshi, Tanzania, ina mlango wa nyuma: mgeni akichoshwa na maswali ya shangazi kuhusu ndoa, anaaga kwamba anakwenda kutazama mbuzi, na hapo migombani anaweza kumaliza saa nzima. Minneapolis hakuna mbuzi wa kutazama. Shemeji wawili wasiosemezana tangu Agosti wanabanwa kwenye kochi moja, dirisha limejaa theluji, na wakishamaliza habari za hali ya hewa inawabidi waanze kuongea. Hakuna kikao cha ukoo chenye nguvu ya namna hiyo.

Amewafaa pia Waswahili wa huko. Sharika nyingi za Wakongo, Warundi na Watanzania hazina majengo yao. Husali alasiri katika makanisa ya wenyeji, baada ya wenyewe kuondoka. Jua la Desemba Minneapolis huzama saa kumi na nusu hivi, kwa hiyo kwaya huingia mchana na kutoka usiku. Na kitenge kipya, kilichoshonwa nyumbani na kusafirishwa kwa gharama, hufunikwa na jaketi linalofika magotini. Mahubiri ya unyenyekevu yamejaribu jambo hilo miaka mingi bila mafanikio. (Ndani ya kanisa jaketi huvuliwa haraka mno, hilo tukiri.)

Kuna mwaka alipozidisha. Dhoruba iliyoanza Buffalo, New York, tarehe 23 Desemba 2022 iliua watu zaidi ya 40, wengine wakiwa ndani ya magari yao, na hapo hata mtetezi wake hufunga mdomo. Lakini dhoruba hiyo hiyo ilikwamisha gari la watalii 9 kutoka Korea Kusini na dereva wao katika kitongoji cha Williamsville. Walibisha hodi kuomba beleshi. Wenye nyumba, mume na mke, waliwaingiza ndani, na kumbe jokofu lao lilikuwa na viungo vya Kikorea, kwa kuwa walikuwa wapenzi wa chakula hicho. Wageni wakapika, wote wakala pamoja, na kukesha huko hadi Krismasi. Beleshi lingepatikana mapema, wasingejuana.

Basi wewe uliyealikwa kula Krismasi huko, mheshimu mzee. Weka beleshi, mfuko wa chumvi ya kuyeyushia barafu na blanketi kwenye buti la gari kabla ya ibada. Na baraka ya mwisho ikishatolewa, mtume kijana akawashe injini na kukwangua kioo kabla hamjaanza kuagana, maana kuagana kwetu huchukua nusu saa.