Barua ya Wazi kwa Shirika la Viwango Kuhusu Pampasi Iliyoboreshwa

Kwa: Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Ubungo, Dar es Salaam.

Yah: Maboresho ya pampasi kama yanavyopokelewa Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma

Pampasi ni nepi ya kutupwa iliyoundwa kwa matabaka. La juu, linalogusa ngozi ya mtoto, ni kitambaa chepesi cha plastiki kisichofumwa, na kazi yake ni kupitisha mkojo upesi na kubaki kikavu. Chini yake kuna tabaka jembamba la kuutawanya mkojo usituame mahali pamoja. Katikati ndimo ilimo kazi yenyewe: nyuzi laini za massa ya mti zilizochanganywa na chembechembe za polima ambazo zikilowa huvimba na kugeuka jeli. Nje kuna nailoni ya kuzuia kuvuja, pembeni mipira ya mapajani, na kiunoni gundi mbili za kufungia. Baadhi ya pampasi zina mstari wa njano unaogeuka bluu mkojo ukiufikia, ishara yenye manufaa makubwa katika nyumba yenye taa. Shirika linayajua haya yote. Yanatajwa tu kwa sababu matabaka hayo yanapungua unene kadiri sifa zinazoandikwa kwenye pakiti zinavyoongezeka, na hadi sasa hakuna kipimo cha maabara kilichoonyesha kwamba sifa hufyonza mkojo.

Wembamba wenyewe si kosa. Pampers za kwanza, ambazo Procter & Gamble iliziingiza sokoni Marekani mwaka 1961, zilikuwa nene kwa sababu polima ya kuvimba ilikuwa haijaingia kwenye nepi. Ilipoingia miaka ya 1980, pampasi ikapungua unene na ikawa bora kweli, maana chembe chache za polima zilifanya kazi ya konzi nzima ya massa. Tatizo huanza pale mtengenezaji anapoona kwamba kupunguza kumefaulu mara moja, akaamua kufaulu tena na tena. Massa yakipungua mno, jeli hukosa nyuzi za kuishikilia. Huteremka na kujikusanya katikati ya miguu, ikaziba njia, na mkojo wa pili ukifika hukuta mlango umefungwa. Hapo hutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni mapajani, ambako nako mpira umeboreshwa.

Sababu za maboresho haya hazina siri. Pampasi ni mzigo wa hewa: lori hujaa kabla halijalemewa. Ikifanywa nyembamba, pakiti nyingi zaidi huingia katika safari ileile, na kutoka Dar es Salaam hadi Kasulu safari hiyo inazidi kilomita 1,000. Kwa hesabu hiyo, wilaya zilizo mbali na bandari ndizo zilizostahili kufaidi unafuu kuliko zote. Unafuu huo ungali njiani. Si wa kwanza kuchelewa: kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo za kike Julai 2018, ikarudishwa Julai 2019 kwa maelezo kwamba bei haikumshukia mlaji. Inaelekea kuna mahali, kati ya hesabu za mjini na duka la kijijini, ambapo nafuu zote hushuka kwenye gari bila kuaga.

Kibondo na Kasulu ni nchi ya juu, yenye mvua ndefu kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, na usiku wa baridi miezi ya Juni na Julai. Nepi ya kitambaa bado ndiyo vazi la kawaida la mtoto wa kijijini, lakini hufuliwa kwa maji yaliyobebwa kichwani, na wakati wa mvua haikauki. Huanikwa ndani, karibu na meko, ikavaliwa ikinuka moshi. Pampasi hununuliwa kwa ajili ya saa ambazo kitambaa hakiziwezi: usiku wa baridi, siku ya kliniki, ibada ya Jumapili, gulio, safari ya basi ya kwenda Kigoma. Kwa kuwa hununuliwa kwa saa ngumu, huvaliwa kwa saa nyingi. Maelekezo husema ibadilishwe mara kwa mara. Mfuko wa mama husema moja ivuke hadi asubuhi. Maelekezo hayo, hata hivyo, yameandikwa kwenye pakiti, na habari za pakiti zina mahali pake mbele.

Jambo ambalo vipimo vingi vinalisahau ni mbeleko. Mwanasesere wa maabara hulazwa au husimamishwa, akamiminiwa maji kwa mrija. Mtoto wa Kasulu hubebwa mgongoni, mapaja yamepanuliwa kumzunguka mama, kitenge kimembana, na uzito wake wote umeikalia sehemu ileile ambayo jeli imejikusanya. Polima iliyovimba haipendi kugandamizwa. Ikishinikizwa huhifadhi kidogo kuliko ikiwa huru. Mpira wa pajani nao, uliopimwa miguu ikiwa imenyooka, hapa huvutika na kuacha mwanya. Ndiyo maana shahidi wa kwanza wa maboresho ya pampasi ni mgongo wa mama, ukifuatiwa na kitenge, kisha gauni la kwenda kanisani. Kama Shirika lina mwanasesere wa kupimia, linaombwa lipate pia mgongo.

Wachuuzi wa magulioni wana maabara yao. Mchuuzi hufungua pampasi mbele ya watu, akaimiminia kikombe cha maji, akaigeuza, wala halidondoki tone. Onyesho ni la kweli kabisa, ila ni la maji. Polima hii hunyonya maji safi mara mia kadhaa ya uzito wake. Ikipewa kimiminika chenye chumvi, kama mkojo, uwezo huanguka hadi mara makumi kadhaa tu. Pampasi inayoshinda gulioni huweza kushindwa kitandani bila mtu yeyote kudanganya. Hata hivyo itakuwa vigumu kumshawishi mchuuzi afanye onyesho kwa mkojo, na wateja wangepungua.

Matokeo kwa mtoto yanaeleweka kitabibu. Ngozi iliyolowa kwa muda mrefu hulainika na kuchubuka kwa urahisi inaposuguliwa. Kinyesi na mkojo vikichanganyika huongeza ukali, na fangasi hupata makao. Vipele vya nepi vilikuwapo kabla ya pampasi, na pampasi nzuri huvipunguza. Kwa hiyo kipele kimoja hakithibitishi lolote dhidi ya kiwanda, jambo ambalo viwanda hulikumbuka haraka sana.

Mfano wa kulitazama hilo kwa ukubwa wake ni wa Marekani. Mwaka 2010 Procter & Gamble ilileta Pampers zenye teknolojia iliyoitwa Dry Max, zilizotangazwa kuwa nyembamba kwa asilimia 20 kuliko za awali. Wazazi wakalalamika kuhusu vipele na kuungua kwa ngozi. Kati ya Aprili na Agosti mwaka huo, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji ilipokea malalamiko yanayokaribia 4,700, na Septemba ikatangaza, pamoja na wizara ya afya ya Kanada, kwamba haikupata sababu mahususi ya kuzihusisha pampasi hizo na vipele. Kesi ya madai nayo ikaenda mahakamani, na sulhu iliyofikiwa ni ya kusomwa polepole. Mawakili wa wazazi walipangiwa dola milioni 2.73. Wazazi wachache waliofungua kesi kwa majina yao walipangiwa dola 1,000 kwa kila mtoto. Wazazi wengine wote walipewa maelezo ya vipele kwenye pakiti na tovuti, pamoja na haki ya kurudishiwa bei ya boksi moja, mradi mzazi awe ametunza risiti na alama ya mistari iliyokatwa kwenye boksi hilo. Mwaka 2013 mahakama ya rufani iliikataa sulhu hiyo, baada ya kuona kwamba wazazi wa kawaida hawakupata kitu cha maana.

Kenya, mwaka 2020, malalamiko yalikuwa ya aina nyingine. Wazazi walisema mitandaoni kwamba Pampers wanazouziwa zinavuja na kuwachubua watoto, na kwamba si sawa na zile za jina hilohilo zinazouzwa Ulaya. Kampuni ilijibu kwamba bidhaa zake ni salama. Swali lililobaki halikuwa la usalama. Lilikuwa la daraja: kama jina moja na picha moja vinaweza kubeba bidhaa mbili, na mteja wa bidhaa ya pili ajulishwe na nani.

Huko Nairobi, angalau, mzazi alikuwa na pakiti ya kupiga picha. Kibondo na Kasulu pampasi nyingi huuzwa moja moja. Mwenye duka hufungua pakiti, akazipanga kwenye rafu kando ya sabuni za mche na viberiti, na mama hununua moja au mbili kwa fedha ya siku hiyo. Pakiti hubaki dukani. Humo ndimo zilimobaki alama ya ubora ya TBS, jina la mtengenezaji, nchi ilikotoka, namba ya toleo, tarehe, kiwango cha kilo za mtoto anayefaa, maelekezo ya kubadilisha, na tangazo la maboresho. Anayesoma kwamba pampasi ni mpya na bora zaidi ni mwenye duka, ambaye haivai. Mama hupata kitu cheupe kisicho na jina, ambacho Kasulu nzima hukiita pampasi kiwe cha kiwanda chochote.

Utaratibu wa malalamiko umekamilika kwa namna hiyo. Mlalamikaji anatakiwa ataje bidhaa. Hajui jina lake. Atoe namba ya toleo. Iko dukani, au pakiti imeshawashiwa moto wa asubuhi. Alete risiti. Duka la kijijini halikuitoa. Awasilishe kielelezo. Kiko kwenye shimo la choo tangu alfajiri. Tangu mwaka 2012 Shirika limekuwa na mpango wa kuhakiki bidhaa za kutoka nje kabla hazijapakiwa melini, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya madai ya kupotosha. Kinga zote mbili zinafanya kazi vizuri hadi pakiti inapofunguliwa. Baada ya hapo mtoto anaendelea peke yake.

Iko pia njia ya kuboresha isiyogusa matabaka kabisa. Pakiti hubaki na ukubwa uleule na bei ileile, idadi iliyomo ikashuka. Au kilo zilizoandikwa kwa saizi ya kati husogezwa, mtoto aliyekuwa wa kati akajikuta mkubwa bila kula zaidi. Wakulima wa maharage wa nyanda hizi wana ujuzi wa mambo ya vipimo. Miaka mingi Wakala wa Vipimo amepambana na lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba ili mkulima atoe zaidi ya kilo 100 kwa bei ya gunia moja. Pampasi ni lumbesa iliyogeuzwa: kule mlanguzi alikuwa akiongeza kilemba juu, huku kilemba kinachomolewa ndani, pole pole, na gunia likipendeza zaidi kila mwaka. Dhidi ya lumbesa ya kwanza kuna mizani, faini na matangazo ya redio. Ya pili ina rangi mpya ya pakiti.

Kuhusu kutupa, barua hii haina mengi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na mama wa Kibondo akatii. Pampasi, ambayo nayo kwa sehemu kubwa ni plastiki, haikuguswa na katazo hilo, ila mfuko wa kuifungia ndio uliokatazwa. Choo cha shimo hupokea bila kuuliza, kikajaa kabla ya wakati wake. Pampasi inayovuja hubadilishwa mara mbili usiku, kwa hiyo wembamba uliokusudiwa kupunguza malighafi huongeza idadi ya mashimo.

Kinachoombwa ni kidogo na hakihitaji maabara mpya. Kila pampasi ichapwe, juu ya nailoni yake yenyewe, jina la mtengenezaji, saizi kwa kilo, na namba ya toleo, ili taarifa zimfikie anayenunua moja. Nafasi ipo. Kwa sasa imekaliwa na dubu, mnyama asiyepatikana hata katika pori la Moyowosi, na anaweza kusogea kidogo bila madhara kwa ubora. Mtengenezaji akibadili muundo, atamke kilichobadilika kwa gramu na milimita, si kwa neno "bora". Na kipimo cha kufyonza kifanywe kwa maji ya chumvi, chini ya uzito, miguu ikiwa imepanuliwa, kwa saa zinazolingana na usiku wa Kasulu.

Nakala kwa: Tume ya Ushindani, kwa hatua; Wakala wa Vipimo, kwa ajili ya lumbesa ya pili; wenye maduka wa Kibondo na Kasulu, ambao wanaombwa wasichome pakiti.

Kiambatisho: hakuna. Vielelezo vilikuwapo, lakini kondakta wa basi alikataa kuvipakia.