Kuhusu Bomba la Nusu Inchi

Katika bomba la chuma la nusu inchi hakuna upana wowote, wa ndani wala wa nje, ulio sawa na nusu inchi hasa, na mwenye nyumba wa Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, asiyelijua hilo hufundishwa hadharani, mbele ya fundi, mbele ya mashemeji, na mbele ya watoto wa jirani waliokwisha kupanga bidoni zao mstari mmoja wakingoja maji ya kwanza.

Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo nusu yake ni 12.7, lakini bomba linaloitwa kwa jina hilo, lile la chuma lililochovywa katika zinki ili zinki iliwe na kutu badala ya chuma, lina milimita 21.3 kwa nje na karibu 16 kwa ndani. Sababu yake humpendeza yeyote ambaye nyumba yake haivuji. Mabomba ya zamani yalikuwa na kuta nene, na tundu lao lilikaribia kweli nusu inchi. Chuma kilipoboreshwa, kuta zilipunguzwa kwa upande wa ndani tu, kwa kuwa meno yanayochongwa kwenye ncha, 14 kwa kila inchi, yalipaswa kuendelea kuingia katika viungio vilivyokwisha kuuzwa. Tundu likapanuka, jina likabaki pale pale. Mafundi waliosomea Kifaransa huliita bomba hilo hilo 15/21, yaani kumi na tano ndani na ishirini na moja nje, na kwa hilo wanastahili heshima. Mpira mweusi wa polietilini, yaani plastiki laini inayouzwa ikiwa imezungushwa kama kamba ya meli, hupimwa kwa nje peke yake, kwa milimita, bila kujali mila za chuma.

Basi mpira wa 20 unapokutanishwa na chuma cha nusu inchi, ambavyo muuzaji ameapa kuwa ni ndugu wa tumbo moja, hakuna kinachoingia katika kingine. Hapo fundi huagiza jiko la makaa, huibembeleza ncha ya mpira juu ya moto mpaka ilegee, huisukumia kwenye chuma kwa nguvu za mabega, kisha huifunga kwa ukanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akiuvuta kwa meno yake mwenyewe, na kutangaza kwamba kazi imekwisha. Kiungo hicho hushika vizuri mno muda wote ambao hakuna maji.

Plastiki nyingine nazo hazimwokoi. PVC, plastiki ngumu inayounganishwa kwa gundi, hukauka ikiachwa kwenye jua la ziwani na kupasuka mbuzi akiigusa. PPR, inayoyeyushwa na kuunganishwa kwa pasi ya nyuzi 260, huhitaji umeme usiokatika katikati ya kiungo.

Vitabu vya ufundi hueleza kwamba bomba lenye alama ya PN 10 huhimili shinikizo la bari 10, sawa na maji yaliyosimama kwa kimo cha meta 100 hivi, na hudhani, kwa adabu ya watu wasiowahi kufika mitaa ya Uvira kama Kasenga na Kalundu, kwamba ndani yake daima mna maji. Bomba lililojaa huvuja kwenda nje, na hasara ni ya mfuko. Bomba lililokauka hufyonza kupitia ufa ule ule chochote kilichomo katika mtaro uliopita juu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia takwimu za Uvira za 2009 hadi 2014, ulionyesha kwamba baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka zaidi ya maradufu katika siku 12 zilizofuata. Mwaka 2020, mwezi wa Aprili, mto Mulongwe, ambao ndio unaolisha mtambo wa maji wa mji, ulifurika na kuuharibu mtambo huo huo. Kumtaka mtu wa mji huo achague kwa makini kati ya zinki na plastiki, na kumlaumu kwa kiungo chake cha tairi, ni kumdai tofali la msingi wa nyumba ambayo wenye dhamana hawajaijenga.

Fundi, akiulizwa dawa, hushauri tangi la lita 1,000 kwenye jukwaa la mbao, ushauri ulio sahihi kabisa, isipokuwa kwamba tundu la kutolea maji la tangi hilo ni la inchi moja, na inchi ya nani, muuzaji hasemi.