Kabureta Nne Chini ya Mwembe

Watu wa mijini wanaofufua pikipiki kuukuu nyumbani wana kitu kimoja ambacho hawakisemi: mlango. Wanaingia bandani, wanafunga, na wakikosea hakuna anayejua. Sisi wa Kisanga mlango huo hatuna. Tuna uwanja, katikati ya uwanja kuna mwembe, na chini ya mwembe kuna kila mtu. Ukilegeza bolti moja asubuhi, kabla ya saa nne umeshapata wasaidizi, washauri, na mzee mmoja ambaye zamani alimfahamu mtu mwenye Honda.

Yangu nayo ni Honda, ila si ndugu wa ile ya mzee. Ni CBR250RR ya mwaka 1990, ambayo wanaoijua huiita MC22. Niliinunua kwa kijana wa Morogoro mjini aliyekwisha kukata tamaa nayo. Ikapanda Fuso hadi Mikumi, na kutoka hapo ikaletwa na kirikuu, imelazwa ubavu, gurudumu la mbele likining'inia nje. Mama watoto aliizunguka kimya, kisha akauliza:

"Keria iko wapi?"

Nikamwambia pikipiki za aina hii hazina keria.

"Sasa gunia la mkaa linakaa wapi?"

Wahandisi wa Honda hawakuwahi kuulizwa swali hilo, ndiyo maana hawakuniachia jibu. Wao walikuwa na hesabu zao. Kule Japani pikipiki isiyozidi sisi 250 haidaiwi ule ukaguzi wa serikali unaozisumbua pikipiki kubwa, kwa hiyo kila kampuni ilishindilia ufundi wake wote ndani ya kipimo hicho. Ikatoka injini ya sisi 249 yenye silinda nne, valvu 16 na nguvu za farasi 45. Boxer BM150 ya hapa kijiweni ina silinda moja na nguvu kama 12 tu, na inabeba baba, mama, mtoto na jogoo. Niliwaambia vijana wa kijiweni kuwa injini yangu inafika mizunguko 19,000 kwa dakika ndipo mshale uguse rangi nyekundu. Mmoja akatikisa kichwa: "Elfu kumi na tisa? Betri peke yake, Mwalimu?"

Tulianza na tanki. Ndani lilikuwa na kutu nene, na dawa ya kutu ni asidi na msuguano: unamimina siki, unatia nati za chuma, unatikisa. Siki dukani ilikuwa chupa mbili, tanki linameza lita 13, basi tukaongezea maji ya ukwaju yaliyokolea, maana asidi ni asidi. Watoto walipewa pipi wakatikisa kwa zamu, na baada ya muda mfupi wakapata mapigo ya ngoma. Wakubwa wawili wakainuka kucheza. Baadaye unasuuza kwa maji ya magadi ili kuua asidi iliyobaki, unakausha juani, unapaka oili upesi kabla kutu haijarudi. Yote hayo tulifanya. Ambalo halikuwa kwenye mpango ni shemeji kufika mchana na jua lake, kuona ndoo ya ukwaju kivulini, na kuchota kikombe. Alikunywa funda moja, akalituliza mdomoni, akalitema kwa adabu kando ya mwembe.

"Sukari haijatosha," akasema.

Kisha zikaja kabureta. Fundi wetu ni bingwa. Boxer anaifungua huku anaongea na simu. Nilipomwekea kabureta nne zilizoungana, alizitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu, moja ni ya kwako. Hizi tatu ni za nani?"

Tulizifungulia kwenye sinia la ubwabwa, sinia moja kwa kabureta zote, ingawa kila kabureta ina vitu vyake na havipendi kuchanganyika. Kitu kidogo kuliko vyote ni jeti ya petroli ya mwendo wa chini: kipande cha shaba kinachopotea kati ya vidole, chenye tundu ambalo usipolielekeza kwenye jua hulioni. Petroli iliyolala miaka inaganda mle kama ulimbo. Fundi alitaka kuzibua kwa sindano ya kushonea. Nikamzuia, maana shaba ni laini, na tundu likipanuka hata kidogo pikipiki inakunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Tukakubaliana mafuta ya taa, mswaki na kupuliza kwa mdomo. Fundi akapuliza mpaka macho yakamtoka. Tulipohesabu tena, jeti zilikuwa tatu.

Karibu na sinia alisimama kuku mmoja, tetea mweusi, anatutazama kwa jicho moja.

Kuku alikuwa wa jirani. Hapo ndipo ukarabati ulipohama mwembeni ukaenda kwa balozi. Fundi alishuhudia kuwa amemwona kuku akimeza kitu kinachong'aa. Jirani alijibu kuwa kuku wake amelelewa vizuri. Balozi alisikiliza pande zote, akauliza bei ya jeti, akauliza bei ya kuku, na akatoa hukumu ambayo mpaka leo sijasikia iliyonyooka kama ile: Mwalimu amnunue kuku, akichinjwa, chuma kitakachokutwa ni cha Mwalimu, na firigisi ni ya balozi.

Firigisi ilipasuliwa hadharani. Ilikuwa na changarawe, punje za mahindi na kigae kidogo cha kioo cha kijani. Jeti haikuwamo. Tulikuwa tumeshakaa kula, jirani akiwa upande wangu wa kulia na amechukua paja, fundi alipoamua kunawa mikono kwa kuisugua na ule mswaki wake. Jeti ilikuwa imenasa katikati ya nywele za mswaki. Aliiweka mezani bila neno. Jirani akasema mchuzi ni mzuri.

Habari ya nyaya za umeme naipita haraka. Stoo yangu ni ya mahindi, penye mahindi pana panya, na panya hajali rangi ya waya.

Siku ilipowaka, iliwaka kwa fujo. Injini nyingi huzungusha kamshafti kwa cheni. Hii hutumia gia tupu, meno kwa meno, kwa hiyo hata isipopigwa resi inatoa mluzi. Ukiipa resi, mluzi unapanda unakuwa ukelele. Fundi aliipandisha hadi elfu kumi, akafumba macho kwa furaha, na alipoyafumbua mbele yake alisimama bibi mmoja wa mtaa wa pili na debe la mahindi kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mashine mmeileta lini? Debe mnasaga shilingi ngapi?"

Tulimweleza. Alitua debe lake, akakaa juu ya gogo na kusubiri, kwa sababu alikuwa na hakika tunamficha bei. Alipoondoka jioni alisema kuwa mashine inayolia vile na haitoi unga ni mashine mbovu, tumrudishie aliyetuuzia.

Na kweli ilikuwa na ubovu: ilikuwa inamisi. Kabureta nne lazima zivute hewa sawasawa, na kuna kifaa chake cha kupimia, ila kifaa hicho hakiuzwi Mikumi. Kinachouzwa ni mipira ya dripu, duka la dawa. Unachomeka mipira kwenye njia za hewa za injini, unaiunganisha, unatia oili ndani, unaitundika. Silinda yenye uchu zaidi huivuta oili upande wake, nawe unarekebisha skrubu mpaka oili isimame usawa mmoja. Njia hiyo ni sahihi kabisa. Tatizo lake ni sura. Pikipiki ilisimama chini ya mwembe, mipira ya dripu imetoka tumboni ikapanda hadi tawini, na kila aliyepita alipunguza mwendo.

"Poleni jamani. Inaendeleaje?"

Mzee wa Honda alivua kofia.

Silinda ya tatu ilikuwa na uchu kuliko tulivyotegemea. Kabla fundi hajafika kwenye skrubu, ilivuta oili yote iliyokuwa mpirani, ikaimeza, na kuitoa nyuma ikiwa moshi mweupe ulioufunika uwanja, mwembe na waliokuja kutoa pole. Mbu hawakuonekana usiku ule. Huo ndio msaada pekee ambao CBR imewahi kuipa jamii, na nausema kwa haki.

Sasa inakwenda. Barabara yetu ni ya udongo na kava la chini la plastiki lilibaki kwenye tuta la kwanza, lakini inakwenda. Mkao wake ni wa kuinama kifua juu ya tanki, hivyo safari nzima watu huniuliza kama naumwa tumbo. Nikielekea Mikumi nilipitwa na Boxer iliyobeba godoro na abiria wawili. Aliyekaa nyuma alinipungia mkono. Na nilipofika kwenye lami niliyoiota muda wote huo, nikaigeuza kuelekea Morogoro, nikakumbuka kuwa mbele ni Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na barabara kuu inaipasua katikati. Humo mwisho ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, kuna matuta, na ukigonga mnyama unalipa faini. Spidomita yangu inaandika hadi 180. Upande wa kushoto tembo walikuwa wanakula majani, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama.

Kinachonikwamisha kwa sasa ni zile raba nne zinazounganisha kabureta na injini. Zangu zimepasuka na nimezifunga kwa mpira wa tyubu. Msomaji mwenye nazo, uwe Kariakoo, Gerezani au hata Muscat, mpe kondakta wa basi lolote linalopita Mikumi, nami nitalipa. Nakuomba tu zisiwe za Boxer. Hizo nimeshatumiwa na kila duka nililopiga simu.