Kuhama Kuna Wenyewe

(Masika, asubuhi. Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani, Mto Msimbazi umepanda. Basi la mwendokasi limekwama yadini, maji yamefika mlangoni. Kunguru yuko juu ya paa. Chura kakaa kwenye tairi la nyuma, hana haraka.)

BASI: Shikamoo, Bi Chura. Hivi haya maji yanahama lini?

CHURA: Marahaba, mwanangu. Maji yako kwao. Aliyehamia ni wewe.

BASI: Mimi niliwekwa! Tulipoanza kubeba abiria mwaka 2016 nilikuta yadi ishajengwa.

KUNGURU: Kila mhamiaji wa bondeni husema hivyo. Mimi angalau wazee wangu waliitwa. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza waliwatoa Bara Hindi, wakawapeleka Zanzibar wakale taka. Wakala. Leo tunategwa na kulishwa sumu, eti viumbe vamizi.

CHURA: Wewe ulihamishwa, ukahamia, sasa unahamishwa tena. Kitenzi kimoja kimekumaliza.

BASI: Kwani si yote kuhama?

CHURA: We! Desemba 2011 ilinyesha mvua, jijini wakafa watu zaidi ya 40. Waliosalimika humu bondeni wakaambiwa watahamishwa. Malori yakawapeleka Mabwepande, kule nyuma ya Bunju, wakapewa viwanja na mahema. Sikumsikia hata mmoja akisema "nahamia Mabwepande" kwa sauti ile ya anayehamia Mbezi Beach, aliyeagiza mapazia na kualika watu pilau.

BASI: Kumbe mwenye mapazia anahamia, mwenye godoro kichwani anahamishwa.

KUNGURU: Na ukutani kapigwa X nyekundu. Mwishoni mwa 2015 nilitua kwenye ukuta mmoja hapo ng'ambo, rangi mbichi, ikaning'ang'ania kwenye makucha. Mama mwenye nyumba alikuwa anaisugua ile X kwa dekio na sabuni ya mche. Nikasikia tingatinga. Nikahama mwenyewe, sikungoja kauli ya kutendwa.

BASI: Yule mama je?

KUNGURU: Alihamisha mabati kwanza.

CHURA: Wengine waliopelekwa mbali walirudi. Kibarua kiko Kariakoo, utalalaje Mabwepande? Wakubwa wakawaita wabishi. Lakini Serikali yenyewe iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, ikaja kufungasha kwa dhati mwaka 2016. Miaka 43! Hakuna aliyeipiga X.

KUNGURU: Taratibu, Bi Chura, hapa ni barabarani.

BASI: Barabara imefungwa, nani atasikia? Ila mimi nilidhani wanaohama ni wachezaji tu. Abiria wangu hawana jingine. Mtu katoka klabuni kwake, kona ya Twiga na Jangwani, kaenda Mtaa wa Msimbazi. Ni karibu mno, hata bodaboda ataona aibu kumdai nauli. Basi mji hauendi kazini! Mmoja analia, mwingine anapiga vuvuzela sikioni mwangu.

CHURA: Na huyo kahamishwa?

BASI: Kahama! Tena kalipwa.

CHURA: Mlango hadi mlango, analipwa. Bonde zima hadi nyuma ya Bunju, hema.

KUNGURU: Mmemsahau mheshimiwa anayehama chama. Huyo hasemi amehama, husema amerudi nyumbani, hata kama hajawahi kufika.

BASI: Na wamachinga mwaka 2021, walipoondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu Kariakoo?

KUNGURU: Wale "walipangwa". Neno safi, limepigwa pasi. Mtu kaondolewa na meza yake ya soksi, ukiuliza unaambiwa kapangwa vizuri.

(Kimya kidogo. Kandambili moja inapita, inaelekea Salender.)

BASI: Nasikia na yadi hii inahamishiwa Ubungo. Daraja refu likikamilika, bonde lifanywe bustani ya jiji.

CHURA: "Inahamishiwa!" Hiyo ndiyo kauli ya heshima. Wewe umetafutiwa mahali kabla hujaondoka.

KUNGURU: Hiyo bustani itakuwa na mapipa ya taka?

BASI: Na wewe, Bi Chura, utalipwa fidia?

CHURA: Nitaulizwa hati.

BASI: Unayo?

CHURA: Nina mayai, mwanangu, kwenye rimu yako ya nyuma, na idadi yake siijui. Siku wakija kukuvuta wapigie honi mapema, uwaambie kuna wapangaji.