Desibeli na Upepo

Mpenzi wa redio wa Visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, ana haki ya kuota. Anataka antena ya Yagi, ile ya vijiti sambamba, ya megahezi 14, kila kijiti karibu mita 10, aongee na Japani ilikobuniwa antena hiyo miaka ya 1920. Dukani huuliza jambo moja tu: desibeli ngapi, yaani inaelekeza mawimbi kwa nguvu kiasi gani? Unene wa alumini hauulizi. Hayo ni ya mafundi bomba.

Muuzaji humwonyesha karatasi: antena yastahimili upepo wa kilomita 160 kwa saa. Kuhusu barafu, karatasi imenyamaza kwa adabu. Bahati mbaya upepo haujui kusoma: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nne, wala haitoi punguzo kwa mteja mwema.

Jirani wa mpenzi huyo wa redio ana antena ya vijiti viwili tu, vinene, mlingoti mfupi uliofungwa nyaya imara, na kamba ndani ya mabomba kupunguza mtetemo. Kiangazi kizima huchekwa kwa uhaba wa desibeli. Januari, tufani ikishapita, mwenye desibeli nyingi hubisha hodi kwake kwa unyenyekevu, kuazima maikrofoni.