Simu Husingiziwa: Majibu kwa Wasomaji Wenye Shida za Simu

Shida za simu janja zinazofikishwa kwenye safu ya ushauri ni za aina mbili: zinazosababishwa na simu, na zinazosababishwa na binadamu huku simu ikibebeshwa lawama. Aina ya pili ndiyo nyingi. Kwa kuwa simu haijui kujitetea, sentensi tatu zimewatosha watu wa mjini kwa miaka: chaji iliisha, mtandao unasumbua, simu ilikuwa sailensi. Wasomaji wanajibiwa hapa kwa majina waliyojipa wenyewe au kwa mitaa yao, kwa kuanzia na shida nyepesi.

Nimeibiwa, wa Mbagala, ana hakika kwamba kampuni yake ya simu humlamba bando usiku. Hununua gigabaiti moja jioni, akiamka anakuta meseji ya kumwarifu kuwa bando limekwisha, naye anaapa kwamba alikuwa amelala. Mwenye simu akilala, simu hailali. Programu hujisasisha zenyewe, picha hupandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, na WhatsApp isipozuiwa katika mipangilio yake hupakua picha za kila kundi bila kuuliza. Video ya HD inaweza kula gigabaiti nzima na zaidi kwa saa moja, hivyo bando la jioni halihitaji mwizi ili liishe. Simu za Android zina ukurasa wa matumizi ya data unaoonyesha kila programu na kiasi ilichokula. Hotspoti ina mstari wake peke yake katika orodha hiyo, na hapo ndipo kesi nyingi dhidi ya makampuni zinapofia. Barua ya Nimeibiwa inamtaja, kwa kupita tu, shemeji aliyekuja kukaa wiki moja tangu mwezi Machi na analala sebuleni. Nenosiri la hotspoti hubadilishwa kwa dakika moja. Kumweleza mke kwa nini limebadilishwa huchukua muda mrefu zaidi, na hakuna fundi wa Kariakoo anayeweza kusaidia.

Barua ndefu kuliko zote imetoka kwa mweka hazina wa kamati ya harusi, Tabata. Kundi lake la WhatsApp limejaa ahadi, mfuko una nauli ya daladala. Kila anayekumbushwa mchango hujibu baada ya siku tatu kwamba simu ilizima chaji. Mweka hazina anauliza kama inawezekana kitaalamu simu za ukoo mzima kuzima chaji kwa pamoja, tena kila tarehe 30.

Kitaalamu jambo hilo lina kipimo. Alama za WhatsApp zina ngazi tatu. Tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umeondoka kwa mtumaji na kufika kwenye seva. Tiki mbili za kijivu, umefika kwenye simu ya mpokeaji. Zikigeuka bluu, rangi iliyoanza kutumika Novemba 2014, umefunguliwa. Simu iliyozimika haiwezi kupokea kitu, kwa hiyo ujumbe wake hubaki na tiki moja. Anayesema chaji iliisha wakati ujumbe una tiki mbili anadai kwamba simu ilipokea barua ikiwa maiti. Utetezi unaosimama ni mmoja, nao ni kuzima data. Aliyezima data huonekana sawasawa na mwenye simu iliyozimika, na tiki moja haina uwezo wa kutofautisha ufukara na ujanja.

Wapo waliosikia kwamba rangi ya bluu inaweza kuzuiwa. Ni kweli, lakini ni kwa mazungumzo ya watu wawili tu, na anayezuia yake hukosa kuona za wenzake. Kwenye makundi hakuna kuzuia. Mtumaji akishikilia ujumbe wake na kufungua taarifa zake, huona majina ya waliousoma na saa waliyousoma. Mweka hazina hakuwa akilijua hili. Sasa analijua, na wajomba wa bwana harusi wapewe pole.

Kutoroka nako si rahisi kama zamani. Tangu 2022 anayejitoa kundini hatangazwi tena mbele ya wote, wanaojulishwa ni maadmini tu. Lakini jina lake hukaa kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60, muda unaotosha kusomwa kwenye vikao kadhaa vya kamati. Udhuru mwingine wa kale uliondolewa na pesa za simu. Kabla ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, mtu aliweza kusema amekosa wa kumtuma. Siku hizi mchango hutumwa mtu akiwa kitandani, hivyo asiyetuma amebaki na sababu mbili tu, ambazo ndizo zile zile zilizokuwepo tangu mwanzo: hana, au hataki. Ushauri kwa mweka hazina ni kwamba orodha ya waliosoma asiibandike kundini. Aliyeaibishwa mbele za watu hununa na halipi. Anayepigiwa simu saa mbili usiku, akiwa ameketi na mkewe mezani, hulipa angalau nusu kabla chai haijapoa.

Ulimi Uliniponza, wa Tanga, alimteta mama mkwe wake katika ujumbe wa sauti wa dakika tatu, akautuma kwenye kundi la ukoo badala ya kwa rafiki yake. Kwa kiwewe akabonyeza kufuta, na kati ya kufuta kwa wote na kufuta kwake mwenyewe akachagua cha pili. Matokeo yake, katika ukoo mzima yeye ndiye mtu pekee asiyeweza kuusikiliza. WhatsApp hutoa sekunde chache za kutengua kosa hilo, zikipita, zimepita. Kufuta kwa wote, kulikoanza 2017 na sasa kunawezekana kwa siku mbili na ushei, kungemsaidia kidogo tu, kwa sababu huacha alama kwamba hapo palikuwa na ujumbe. Ukoo ukiona alama hiyo hauulizi kama kulikuwa na jambo, unauliza lilikuwa jambo gani. Radhi iombwe ana kwa ana, na doti ya kanga mkononi.

Mama wa Kinondoni ana maswali mawili baada ya simu yake kutumbukia kwenye ndoo: kama mchele hukausha simu, na kama mchele huo unaweza kupikwa. Mchele haukaushi. Apple yenyewe, mwanzoni mwa 2024, iliwatahadharisha wateja wake wasizike simu kwenye mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuiharibu. Simu izimwe, isichomekwe chaja, igongwegongwe taratibu tundu la chaji likitazama chini, kisha iachwe mahali pakavu penye hewa, ikibidi hadi kesho yake. Jibu la swali la pili linategemea ndoo ilikuwa ya maji gani, na barua haikusema.

Kuhusu meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", wasomaji wengi hushangaa tapeli alijuaje kwamba wanadaiwa kodi. Hakujua. Meseji hiyo hutupwa kwa namba nyingi bila kuchagua, ikimlenga yule mmoja ambaye kweli alikuwa njiani kumtumia mtu hela, na mwisho wa mwezi watu hao ni wengi. Tiba ni kumpigia mwenye nyumba kwa namba yake ya siku zote, na kusoma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Mama mmoja wa Morogoro anaandika kwamba haoni haja ya kumshtaki tapeli wake, kwani ndiye mtu pekee anayemkumbuka kila mwisho wa mwezi, watoto wake hawaandiki. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini Tanzania ipo namba 15040 ya kupelekea meseji za namna hiyo, na aitumie. Kwa *106# anaweza pia kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, maana matapeli hupenda laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Watoto wapigiwe na yeye.

Hataki Niishike, wa Arusha, anauliza kama ni vizuri kwa mumewe kulala na simu chini ya mto ikiwa kwenye chaji. Si vizuri. Betri za lithiamu-ioni, zilizoingia sokoni mwaka 1991 na kuwapatia wanasayansi watatu Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, hazidhuriwi sana na kuchajiwa usiku kucha, kwani simu za sasa hupunguza na kukata umeme zenyewe zinapojaa. Adui yake mkubwa ni joto, na mto huzuia joto lisitoke. Betri iliyochoshwa na joto huisha haraka na yaweza kuvimba. Ikivimba isitobolewe wala kukandamizwa, ipelekwe kwa fundi ikatolewe. Simu ikae mezani, kifuniko kikiwa kimetolewa kama inapata moto. Kwa nini simu hiyo ilale chini ya mto na si mezani ni swali lisilohusiana na betri.

Mwisho ni mwanafunzi wa chuo, Dodoma, anayetaka kuuza simu janja yake na kurudi kwenye kitochi ili asome kwa utulivu. Wazo lake si la kuchekwa. Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani, ni kati ya simu zilizouzwa zaidi duniani, zaidi ya milioni 250, na kitochi cha leo bado kinapiga, kinapokea meseji, kinatuma na kutoa pesa kwa menyu ya nyota na reli, na hukaa na chaji kwa siku kadhaa. Kinachopotea ni ramani, video, na makundi. Ila barua yake inamalizia kwa kutaja kwamba yumo kwenye kundi la harusi moja ya Tabata, na kwamba hilo nalo limechangia uamuzi wake. Kitochi hakimwokoi hapo, kwa sababu mweka hazina ana namba yake, na namba haiuzwi pamoja na simu. Alipe kwanza mchango, ndipo auze.