Tangi Bado Zima

Wanaosema tangi la samaki lililopigwa jua uani miaka yote, kuku wakitagia ndani, lijazwe maji hukohuko nje siku kadhaa kabla ya kuingizwa sebuleni, wana wivu. Silikoni ya pembeni ukiigusa kwa ukucha inabanduka kama ngozi ya nyoka. Huko ndiko kukomaa. Lita 200 ni kilo 200 tu, na kimeza cha televisheni kimeshazoea mizigo. Berlin walikuwa na tangi la samaki liitwalo AquaDom, lita milioni moja. Mafundi wakaikarabati, na Desemba 2022 ikapasuka alfajiri, maji yakafurika hadi barabarani. Mafundi wale walitegemea vipimo. Wewe una jicho. Jaza, ndugu yangu. Ila jirani wa ghorofa ya chini mwambie ahamishe godoro.